Kisu cha Baba na Kijiti cha Mwisho

Juzi nilimpeleka Baba mjini Nakuru kufuatilia karatasi zake katika jengo moja la ofisi, aina ile ya jengo lenye soja mlangoni na kidude cha kupitisha mwilini kinacholia pii. Kilipofika kwenye mfuko wa suruali ya Baba, kikalia. Soja, kijana mpole tu, akamwambia atoe kila kitu cha chuma. Baba akatoa kisu. Kijana akakiangalia, akaniangalia mimi, akakiangalia tena.

"Hii huwezi ingia nayo, mzee. Iache hapa kwa meza, utaichukua ukitoka."

"Kwani wewe unaweza kuacha mkono yako hapa kwa meza ndio uingie?" Baba akamuuliza, bila hasira yoyote. Kisha akanigeukia. "Ingia wewe. Mimi nitakungoja nje."

Bila shaka kule ndani walimtaka mwenyewe, kwa hivyo hakuna kilichofanyika. Nilipotoka nilimkuta ameketi ukingoni mwa barabara, na yule soja amesimama kando yake, wote wawili wakila chungwa. Baba alikuwa amelimenya kwa namna yake, ganda moja refu lisilokatika mpaka mwisho. Nilijaribu kumkasirikia nikashindwa. Nilikichukua kisu nikifute, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimekileta puani, kama nilivyozoea nikiwa mdogo. Chini ya chungwa kulikuwa na harufu ya kiazi kibichi, maana Baba hapiti siku bila kukata kiazi. Harufu hiyo ndiyo imeniketisha hapa kuandika.

Kisu chenyewe hakina urembo. Ni cha kukunja, mpini wake ni wa pembe ya ng'ombe, umelainika na kuwa wa manjano pale kidole gumba kinapokaa, na mwishoni kuna kitundu cha kupitishia kamba ya mkonge inayofungwa kwenye mshipi. Babu alikipata alipokuwa kibarua katika bustani ya matunda ya mzungu mmoja, zamani kabla mashamba yale hayajabadilisha wenyewe, na ndiye aliyemfundisha Baba kazi ya kuunganisha miti, kupandikiza kijiti cha mti mmoja kwenye mwingine. Kina mabapa mawili. Lile kubwa lilikuwa la kila kazi. Kwa bapa hilo Baba alikata kamba za magunia, alichonga penseli zangu, alimenya miwa, alikata kucha, alichokoa mawe kwenye kwato za punda wa jirani, na Jumapili moja alijitoa mwiba mguuni kanisani mahubiri yakiendelea. Akimaliza alilifuta kwa paja la suruali, basi.

Bapa dogo lilikuwa habari nyingine. Hilo lilikuwa la miti tu. Halikugusa chakula, halikugusa kamba, halikuguswa na kidole cha mtu, hata chake mwenyewe. Jioni alilinoa kwenye jiwe lililoloweshwa maji, akalipitisha kwenye ngozi ya mshipi mbele na nyuma, kisha akalijaribu kwa nywele za mkono wake wa kushoto. Zikianguka bila yeye kusukuma, alilikunja akalala kwa amani. Mkono huo ulikuwa na kiraka kisicho na nywele, na mpaka nilipoanza shule nilidhani baba wote wana kiraka kile.

Nilipenda kumtazama akifanya kazi na bapa dogo kuliko nilivyopenda kucheza. Kijiti kinachounganishwa lazima kikatwe mshazari, na Baba alikikata kwa pigo moja tu. Alikuwa akivuta pumzi, anaishika, bapa linapita kama linapita kwenye siagi, halafu anaiachia. Nami nilikuwa nikiishika pumzi yangu pamoja naye. Pigo likienda vibaya hakurekebisha. Alikitupa kijiti akachukua kingine.

"Ukirudia inakuwa na mawimbi," alinieleza. "Maji inaingia hapo katikati, inaoza. Mkato ni moja."

Wakati huo tulikuwa tukiishi Mau Narok, katika laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la ngano. Wenzangu mliokulia kule juu mnaijua baridi ile, ya asubuhi unapovunja barafu nyembamba kwenye karai kabla ya kunawa uso. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na mti mmoja wa plamu, na mti huo ulikuwa ajabu ya laini nzima. Upande mmoja ulizaa plamu nyekundu. Upande wa pili ulizaa za manjano, ndogo, chachu za kukunja uso. Watu walikuja na wageni wao kuuona. Mti ulikuwa wa nyekundu tangu mwanzo. Upande wa manjano aliuunganisha Baba, Mama alipokuwa na mimba yangu na kutamani plamu za kwao Keringet, za mti mmoja uliokuwa karibu na zizi la baba yake, ambazo alikuwa akizila na chumvi. Baba alienda Keringet akarudi na kijiti. Bila shaka mimba haikungoja mti uzae, nilizaliwa kabla, lakini Mama alikuja kuzila miaka yangu yote ya mwanzo, ameegemea shina, chumvi mkononi, akicheka kila uchachu ulipomshika. Ule mti wa Keringet baadaye ulikatwa. Plamu za namna ile zilibaki kwetu tu.

Niliwahi kumuuliza Baba mti unajuaje upande gani utoe rangi gani.

"Mti haijui chochote," akasema. "Ni kijiti ndio inajua. Hiyo kijiti kidogo imebeba kila kitu ndani yake. Ipeleke hata Mombasa, uiunganishe na mti ingine huko, itatoa tu hii hii."

Nilikuwa mtoto wa kushika maneno. Niliyaweka hayo mahali pazuri, na baadaye yakanifanyia mambo ambayo Baba hakuyakusudia.

Mama aliugua msimu wa baridi, wakati mti hauna jani hata moja. Alichukuliwa na pikapu ya shamba akiwa amefunikwa blanketi langu, na sikumwona tena. Mimi niliachwa kwa jirani yetu, Mama Wanjiku. Watu wazima walipotea siku kadhaa, wakarudi na matope ya rangi nyingine kwenye viatu. Mama Wanjiku aliniambia Mama amelala. Mchungaji aliniambia Mama yuko mahali pazuri. Binti wa Mama Wanjiku, aliyenizidi umri kidogo, aliniambia Mama ameenda na hatarudi, lakini huyo alikuwa mwongo anayejulikana laini nzima. Baba hakuniambia kitu. Alinishika kichwa na mkono wake mzima, akauacha hapo muda mrefu, akaenda kunoa kisu.

Haikupita muda, meneja mpya akatangaza kwamba nyumba zetu zitabomolewa, sehemu ile ilimwe ngano. Asubuhi ya kuhama, ukungu ukiwa umefunika kila kitu, nilimfuata Baba nyuma ya nyumba bila yeye kunisikia. Alikuwa amesimama chini ya upande wa manjano, mkono mmoja kwenye tawi. Alikuwa akizungumza kwa lugha yetu, kwa sauti ile aliyoitumia jioni na Mama wakidhani nimelala.

"Twende," alisema. "Siwezi kukuacha hapa ulimwe na trekta. Twende, Mama Chero."

Chero ni mimi. Mama Chero alikuwa mmoja tu duniani. Kisha Baba akafungua bapa dogo, akavuta pumzi, akaanza kukata vijiti.

Sijui kama naweza kueleza vizuri jinsi jambo lile lilivyokuwa wazi kwangu. Watu wote walikuwa wakizungukazunguka, amelala, yuko pazuri, na kumbe alikuwa hapa nyuma ya nyumba siku zote. Nilisimama kwenye ukungu nikaona Baba akimtoa Mama kwenye tawi kwa kisu, taratibu, kwa pigo moja moja ili asimwumize. Nilijawa na kicho ambacho sijawahi kukipata tena, hata kanisani, hata siku niliyojifungua mtoto wangu. Nilirudi ndani kimya. Sikumuuliza kitu kwa sababu nilidhani ninajua, na nilidhani naye anajua ninajua.

Vijiti vikikauka vimekufa. Baba akachagua viazi vikubwa, akatoboa kila kimoja na bapa kubwa, akachomeka ncha ya kijiti ndani, kiazi kimnyweshe Mama maji njiani. Akavifunga kwa gunia lililoloweshwa. Tulishuka Nakuru juu ya lori la viazi, tukiwa tumekalia magunia, na katika viazi vyote vile vya lori ni vyetu tu vilivyopakatwa kama mtoto.

Tulipata chumba kimoja Kaptembwo, kwenye ploti yenye milango mingi inayotazamana na bomba moja la maji. Joto lake lilinishangaza, na kelele, na jinsi ambavyo hapakuwa na mahali pa kuchomeka hata kitunguu. Baba aliviweka viazi chini ya kitanda, kwenye saruji baridi, akaanza kutoka kila asubuhi kutafuta mambo mawili kwa pamoja, kibarua na mti. Alihitaji mpichi, kwa sababu plamu na pichi zinakubaliana zikiunganishwa, na alihitaji mwenye mpichi atakayemruhusu kuukata. Jioni aliporudi nilimtazama usoni tu nikajua. Watu walimwona ni mtu aliyefungua kisu langoni mwao na kuomba mti. Wengine walifunga lango kabla hajamaliza salamu.

Nilipobaki peke yangu nililala kifudifudi sakafuni nikaongea na viazi. Nilimsalimia Mama. Nilimwambia bomba limekauka, nilimwambia Baba ameungua mkono kwa ugali, nilimwambia avumilie kidogo, Baba anatafuta mti. Vijiti vingine vilianza kujikunja na kuwa vyeusi, Baba akavitoa akavitupa, na kila alipotupa kimoja nilihesabu kwamba Mama amebaki ndani ya vile vingine. Lakini nilianza kuogopa. Niliona jinsi viazi vinavyonywea na kutoa machipukizi yao meupe, na nikaelewa kwamba havitamngoja milele.

Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa Mama Otis, mama mwenye roho ya dhahabu na mikono isiyotulia. Aliona mtoto anashinda peke yake, baba anarudi amechoka, hakuna anayepika. Siku moja nikiwa kwenye foleni ya maji aliingia kutufagilia chumba. Akakuta viazi chini ya kitanda, vimechomekwa vijiti, vinaanza kuota. Mtu yeyote mwenye akili timamu angefikiri alivyofikiri yeye. Alivichomoa vijiti akavitumia kuwashia jiko, akamenya viazi, akavipika na nyanya na dania.

Niliporudi na kibuyu cha maji harufu ilikuwa imejaa ploti.

"Kuja ukule, mtoto," akasema, uso unang'aa. "Nimewapikia waru zenu kabla ziharibike. Mlikuwa mnaziacha zife bure."

Nilitazama ndani ya jiko. Ncha ya kijiti kimoja ilikuwa bado haijashika moto, na kichipukizi chake kilikuwa kimevimba, tayari kufunguka. Nikaketi pale chini kwenye saruji na kibuyu changu mapajani.

Baba akaingia. Aliangalia sufuria, akaangalia jiko, akaniangalia mimi. Mama Otis alikuwa akimpakulia kwenye sahani, akimweleza jinsi alivyotuonea huruma. Uso wa Baba ulitulia kabisa, kama nadhani ulivyotulia siku ya mazishi ambayo sikuiona.

"Asante sana, Mama Otis," akasema. "Mungu akubariki."

Akaketi, akala. Akala sahani yote, polepole, akaipangusa na kipande cha chapati mpaka ikang'aa, kwa sababu mwanamke yule alikuwa amesimama mlangoni akimtazama kwa furaha. Sijawahi kumwogopa mtu kama nilivyomwogopa Baba wakati huo. Leo ninajua kwamba siku ile niliona ukarimu mkubwa kuliko wote nitakaouona, mtu anakula alichokuwa akikilinda ili mwenzake asijue amekosea. Wakati huo niliona tu kwamba anaweza kuvila viazi vile, na mimi siwezi. Niliikataa sahani yangu, na Mama Otis akasema mtoto ana homa.

Alipoondoka Baba alipiga magoti akaingiza mkono chini ya kitanda mpaka begani. Akapapasa pembe zote. Mkono ulitoka na kiazi kimoja, kilichokuwa kimebiringika nyuma ya mguu wa kitanda, kijiti chake bado kimesimama.

"Imebaki hii," akasema.

Kesho yake hakuthubutu kukiacha. Alikitia ndani ya mfuko wa koti, akanishika mkono, tukapanda kuelekea Milimani, ambako alikuwa ameambiwa kuna nyumba inayotaka mtu wa kukata ua. Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja Mhindi, Singasinga, mjane, aliyeishi na wajukuu. Wote waliokuwa pale walimwita Biji, na sisi tukamwita hivyo. Alivaa nguo nyeupe na mtandio mweupe, na alisimama wima sana kwa mtu wa umri wake. Baba alikata ua mpaka mchana. Nyuma, karibu na lundo la majani yanayooza, kulikuwa na mpichi uliojiotea, labda kutoka kokwa iliyotupwa. Nilimwona Baba akiuona. Alisimama na panga hewani.

Alienda akamwambia Biji anaomba tawi moja la mti ule, si kulichukua, kuliunganisha. Akafungua kisu kumwonyesha. Biji akarudi nyuma hatua moja.

"Hiyo kisu ya nini?"

Baba akakikunja, akakiweka chini kwenye nyasi katikati yao. Hakuwahi kumpa mtu kisu mkononi, alikiweka chini na mwenye kutaka akaokota.

"Ni ya kazi, Biji. Mimi natembea nayo kila siku. Baba yangu pia alikuwa anatembea nayo."

Biji hakukiokota. Alikitazama. Kisha mkono wake ukaingia chini ya mtandio ukatulia ubavuni, na nikaona chini ya kitambaa umbo la ala ndogo ya kisu cha dini yake, imening'inia kwenye mkanda uliopita begani.

"Mimi pia iko na yangu," akasema. "Kila siku. Kulala, kuamka, iko hapa. Watu nafikiri ni ya kupiga mtu. Hapana. Hii nakumbusha mimi, kama mtu hana nguvu, wewe simama na yeye." Akanitazama mimi, kisha akamtazama Baba. "Wewe, ndani ya mfuko iko nini? Tangu asubuhi nashika shika mfuko."

Baba akakitoa kiazi. Biji akakiangalia kiazi chenye kijiti, na nilimngoja acheke, lakini hakucheka.

"Ni plamu ya mama ya huyu mtoto," Baba akasema. "Hakuna ingine."

"Na mama iko wapi?"

Baba alinitazama haraka, akatazama chini. Nilitaka kumjibu Biji kwa niaba yake, nimwambie ndiye huyo hapo mkononi, lakini nilidhani ni siri yetu.

"Basi fanya," Biji akasema. "Mimi nataka ona."

Baba alinawa mikono kwa sabuni. Alichagua tawi lenye unene wa kidole gumba chake, akalikata na bapa kubwa. Akafungua dogo. Alikuwa akiifanya kazi hii maisha yake yote na siku zote alikuwa na vijiti vya akiba kwapani, kimoja kikikatika vibaya anachukua kingine. Sasa hakuwa na kingine. Alikichomoa kijiti kwenye kiazi, nikaliona jasho kwenye paji lake. Akashusha kisu. Akanipa kiazi kitupu nikishike. Akafumba macho.

Kisha akavuta pumzi, nami nikavuta yangu, na nadhani hata Biji. Bapa likapita.

Mkato ulikuwa laini, wenye unyevu, unang'aa. Alikitia kijiti mdomoni, kwenye kona ya midomo, kisikauke huku akiupasua mpichi, na alipokitoa alikitazama kwa namna ambayo sikuwa na shaka tena kwamba Mama yumo. Alikiingiza mahali pake, akalinganisha ganda na ganda, ukijani mwembamba na ukijani mwembamba, akaufunga kwa utepe aliokata kutoka pakiti ya maziwa, akauzungusha kwa kuukaza kama bandeji. Biji mwenyewe alileta mshumaa, nao wakaudondoshea nta pande zote. Baba alikifuta kisu kwa jani safi, akakikunja.

Biji akamwambia awe anakuja Jumamosi kutunza bustani. Nilikwenda naye kila Jumamosi. Alipalilia, nami niliketi mbele ya mpichi nikingoja. Kwa muda mrefu kijiti kilikaa vilevile, kikavu kwa kukitazama, na Baba alikuwa akipita anakitupia jicho tu bila kusimama, kama mtu asiyetaka kuaibisha kitu. Mvua zikaja. Jumamosi moja nilifika mbele yake na ncha ya kichipukizi ilikuwa imepasuka, na ndani yake kulikuwa na kijani, kidogo kuliko punje ya mtama, chenye kung'aa.

"Baba," nikaita.

Alikuja akikimbia na jembe mkononi. Akaangalia. Akaangusha jembe, akainama, akaweka uso wake karibu kabisa na kijiti, akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Mau Narok. Basi nilijua muda umefika wa kuuliza.

"Sasa atatoka lini?"

"Nani?"

"Mama."

Kicheko kikaondoka polepole usoni mwake. Alinitazama, na niliona anarudi nyuma, siku moja baada ya nyingine, chini ya kitanda, kwenye lori, kwenye ukungu, akinikuta kila mahali nimesimama na wazo langu. Alikaa kwenye nyasi. Alinivuta nikakaa mbele yake.

"Chero," akasema. "Mama hayuko kwa mti."

"Ulimwambia twende. Nilikusikia."

"Nilimwambia. Nilikuwa nimezoea kumwambia kila kitu, na sikuwa nimejua kuacha. Mama alikufa, Chero. Alikufa hospitalini. Tulimzika Keringet, kwa mjomba wako. Mimi ndio nilipaswa kukuambia, na nilishindwa kufungua mdomo."

"Kwa hivyo hatoki."

"Hatoki."

"Hata tukingoja?"

"Hata tukingoja."

Nililia. Nililia kilio chote ambacho sikuwa nimekilia tangu ile pikapu ya shamba, nikiwa nimeng'ang'ania shati lake lenye harufu ya udongo, naye akalia juu ya kichwa changu, kwa sauti, bila kujificha. Biji alitoka jikoni akatukuta. Aliketi nasi kwenye nyasi zilizolowa, na nguo zake nyeupe, mpaka tukanyamaza.

Nilipoinua uso, kile kijani kilikuwa pale pale. Nilitaka kukichukia. Nilikitazama nikitafuta namna ya kukichukia nikaikosa. Mama alikuwa amekufa na plamu yake ilikuwa ikiota, yote mawili kwa wakati mmoja, na hakuna lililokuwa likimngoja mwenzake. Sikuelewa jambo lile linawezekanaje, na sijalielewa mpaka leo. Nilijifuta kamasi kwa mkono, nikamwomba Baba aninyanyue nikione vizuri.